Umeokota sarafu ya kale Mbulu au Hanang? Hivi ndivyo unavyoweza kuitambua

Detekta imelia shambani. Umechimba kidogo, umetoa kitu cha duara chenye kutu ya kijani. Swali la kwanza la kila mtu aliyesimama hapo huwa ni moja: hii ni rupia ya Mjerumani?

Inawezekana. Lakini pia inaweza kuwa senti ya Mwingereza, kipande cha trekta au ganda la risasi. Kabla hujampigia simu mnunuzi, fanya mambo haya.

Anza na rangi na sumaku

Kutu nyekundu inayobanduka ni chuma. Kijani ni shaba. Weusi unaong'aa kwa mbali mara nyingi ni fedha.

Kisha sogeza sumaku. Dhahabu, fedha na shaba havinasi. Kikinasa, hicho ni chuma au kina chuma ndani yake, kama sarafu nyingi za kisasa.

Usikisugue kwa mchanga, steel wire wala ndimu. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza maandishi na thamani. Iloweke kwenye maji safi, iache ikauke.

Soma sarafu yenyewe

Hizi ndizo zinazoweza kutokea ukanda huu:

- Pesa (1890–1892). Ya shaba. Upande mmoja ina tai wa Kijerumani, mwingine maandishi ya Kiarabu. Pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja.

- Rupia (kuanzia 1890). Ya fedha, upana wa sentimita 3 hivi, uzito gramu 11.66. Ina sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili akiwa na kofia yenye tai. Za mwanzo zina ngao yenye simba. Kuanzia 1904 zimeandikwa "Deutsch Ostafrika". Sonara mwenye mizani nzuri atakuambia haraka kama uzito unakaribia.

- Heller (kuanzia 1904). Ina taji la kifalme. Heller 100 zilikuwa rupia moja. Zilitolewa kwa mamilioni, ndiyo maana hazina bei ya kutisha.

- Sarafu za Tabora (1916). Zilitengenezwa kwa haraka wakati wa vita, nyingine kwa maganda ya risasi na makombora. Zina herufi T. Iliyo maarufu kuliko zote ni ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo; dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Singida. Kwa sababu inatafutwa sana, feki zake nazo zipo.

- Shilingi ya Afrika Mashariki (kuanzia 1921). Ina simba na milima. Senti 1, 5 na 10 zina tundu katikati na pembe za ndovu.

Ukiona mwaka 1780 na picha ya mwanamke, usiruke kwa furaha. Hiyo ni riale ya Maria Theresa wa Austria. Iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka mia moja ikiwa na mwaka uleule, na wafanyabiashara wa misafara waliitumia sana Afrika Mashariki. Mwaka ulioandikwa hauthibitishi umri wake.

Kama si sarafu

Eneo la Basotu, Hanang, lilikuwa na mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada. Matrekta na mashine za kuvuna zilipita hapo miaka mingi. Bolti, nati na vipande vya majembe ya trekta ni kelele ya kawaida kwa detekta.

Bangili ya shaba ya manjano inaweza kuwa kazi ya wahunzi wa Kidatoga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni sehemu yao. Wahunzi hao wanayeyusha hata kufuli kuukuu kutengeneza mapambo. Upande wa Yaeda Chini, Mbulu, kipande cha chuma chenye ncha kinaweza kuwa chembe cha mshale wa Mhadzabe, kilichofuliwa kwa msumari.

Jiwe zito, jeusi, lenye matundu kama sifongo linaweza kuwa mavi ya chuma, yaani takataka za mhunzi. Na wakati mwingine hakuna kitu kabisa: udongo na mawe ya volkano huwa na madini ya chuma, na detekta hulia bure.

Ganda la risasi: acha kwanza

Aprili 1916, kikosi cha Jenerali Van Deventer kilitoka Arusha kikapita Lolkisale na Ufiome, jirani na Babati, hadi Kondoa-Irangi kupigana na Wajerumani. Kwa hiyo maganda ya risasi ukanda huu si ajabu.

Ganda la Kiingereza lina ukingo uliotokeza kitakoni. La Mauser za Kijerumani za aina mpya halina ukingo huo, lina mfereji tu. Lakini kama risasi bado ina kichwa chake, au umekutana na bomu au kombora, usiguse, usigonge, usibebe. Weka alama, ondoa watoto, ita polisi. Baruti haifi kwa sababu imezeeka.

Je, kuna hazina ya Mjerumani?

Stori ni ileile kila mahali: Wajerumani walipokimbia walizika masanduku ya hela, wakaacha alama kwenye miti na mawe. Jiulize hivi: serikali iliyokaukiwa sarafu mwaka 1916 hadi ikachapisha noti za dharura na kuyeyusha maganda ya risasi, ingepata wapi masanduku ya fedha ya kuzika kila kilima?

Hasara ya stori hiyo inaonekana. Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, watu wamechimba mashimo chini ya miamba wakidhani michoro ni ramani ya hazina. Wanaharibu tabaka za udongo zenye historia ya maelfu ya miaka, kisha wanaondoka mikono mitupu.

Hanang kuna jambo zito zaidi. Vichuguu vinavyoonekana mbugani vinaweza kuwa bung'eda, makaburi ya wazee wa heshima wa Kibarabaig. Mengine yaliwahi kulimwa na matrekta ya ngano, na maumivu ya hilo hayajasahaulika. Detekta ikilia hapo, zima uondoke.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, pamoja na maeneo yaliyotangazwa kuwa ya kihistoria. Kuchimba kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni, na ukikiokota kwa bahati unatakiwa kutoa taarifa. Kutafuta dhahabu nako kuna leseni yake chini ya Sheria ya Madini.

Rupia ni ya baada ya 1863, lakini hilo halikupi ruhusa ya kuchimba shamba la mtu. Ongea na mwenye shamba na serikali ya kijiji kwanza.

Kabla ya kuuza

Piga picha pande zote mbili, weka rula pembeni, andika mahali na kina ulichochimba. Onyesha ofisa utamaduni wa halmashauri, au ukiwa Arusha pita Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya Boma la Wajerumani la mwaka 1900.

Anayekuambia rupia yako ina nguvu za ajabu na kukutaka utoe hela ya "kuipima" kwanza, huyo hanunui sarafu. Anakuwinda wewe.