Kiharusi kidogo chaweza kulemaza nusu ya mwili

Huenda, msomaji, umewahi kushuhudia jambo hili nyumbani kwenu au kwa jirani. Mzee amelala akiwa mzima, lakini anapoamka mkono na mguu wa upande mmoja havimtii, mdomo umekwenda kombo na maneno yanamtoka kwa shida. Wengine husema amepigwa na upepo mbaya, akaanza kuzungushwa kwa waganga huku saa zikipita. Huo ni ugonjwa wa kiharusi, na pengine sehemu ya ubongo iliyodhurika haizidi punje ya haragwe.

Itawezekanaje? Ubongo una sehemu za aina mbili. Ya kijivu ina chembechembe hai, yaani seli, zinazotoa amri. Nyeupe ni nyuzi zinazopeleka amri hizo, nazo zimevikwa utando wa mafuta kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Kijivu hakiko juu ya ubongo pekee. Ndani kabisa kuna mafungu mengine ya kijivu, yanayosaidia kuratibu mwendo na kupokea hisia za mwili. Kati ya mafungu hayo mna njia nyembamba ya nyuzi nyeupe, ambamo amri za uso, mkono na mguu wa upande wa pili wa mwili hupita zikiwa zimebanana. Ni kama magari ya Mombasa yanavyobanana kwenye Daraja la Nyali. Ajali ndogo hapo husimamisha mengi.

Sehemu hizo za ndani hulishwa na vimishipa vya damu vyembamba, vingi visivyofika unene wa milimita moja. Huchipuka moja kwa moja kutoka mshipa mkubwa, kwa hivyo hupokea kishindo cha presha ya damu. Tena kimoja kikiziba, ni nadra kingine kushika kazi yake. Presha ikikaa juu kwa miaka mingi, kuta zake huwa nene na ngumu hadi kuziba, au hupasuka na damu ikamwagika ubongoni. Kisukari na sigara huzidisha madhara.

Seli za kijivu zikikosa damu kabisa huanza kufa baada ya dakika chache. Mwaka 2006, Daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika hupotea seli milioni 1.9 pamoja na nyuzi za urefu wa kilomita 12.

Hata hivyo, viharusi vingi vya ndani havina kishindo. Mwaka 1901 Pierre Marie, daktari wa Ufaransa, alieleza juu ya vishimo vidogo alivyoviona katika bongo za wazee waliofariki. Kishimo kimoja huenda mtu asikitambue. Vikiongezeka, huanza kuburuta miguu, kusahau, kufikiri polepole au kushindwa kuzuia mkojo. Hapo ndipo tunapowakosea wazee wetu kwa kusema ni ukaidi au uzee tu, wala hatuwapeleki kupimwa.

Ukiona uso wa mtu umelegea ghafla, mkono umekosa nguvu au maneno hayaeleweki, mkimbize hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Kumbuka saa dalili zilipoanza, kwani daktari atakuuliza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa katika muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Usimpe aspirini nyumbani: ikiwa mshipa umepasuka, utazidisha kuvuja. Usimlishe wala kumnywesha uji, kwani anaweza kupaliwa.

Na wewe unayejisikia mzima, pimwa presha. Ikifika 140 kwa 90 kila unapopimwa, muone daktari. Ukishaandikiwa dawa, usiziache kwa sababu kichwa hakikuumi. Presha inayoharibu vimishipa hivyo kwa kawaida haiumi mahali popote.