Risasi Katika Maji: Kuchemsha Hakutoshi

Hapa Sumbawanga tumezoea kuchemsha maji ya kunywa, na ni jambo jema, kwani huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini risasi si kijidudu, ni madini. Maji yakichemka hupungua kwa mvuke, risasi yote ikabaki sufuriani.

Mara nyingi risasi huingia majini njiani: kwenye mabomba ya zamani, koki za shaba na maungio yaliyolehemewa kwa risasi. Haionekani wala hainuki. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 kwa lita, lakini halijui kiwango chochote kilicho salama. Inayodhurika zaidi ni akili ya mtoto. Huweza kuwa mzito wa kusoma na kuhifadhi, nasi tukamdhania mvivu.

Basi asubuhi tuyaache kwanza yatoke maji yaliyolala bombani. Tusiyamwage, hiyo ni israfu. Tuyakinge ndooni kwa kufulia na kupigia deki. Hata udhu yafaa, maana risasi haipenyi ngozi kirahisi, na ya kusukutua hutemwa. Na baridi hii ya Ufipa isitushawishi: wenye bomba la maji ya moto wasiyachote kwa chai wala uji, kwani maji ya moto huyeyusha risasi zaidi. Tuchote ya baridi, tuyachemshe. Chombo kilichowahi kuyeyushiwa risasi, ya betri au ya nyavu, kisirudi jikoni.