Fahamu: Diwani wa Lubumbashi anaweza kuuliza nini kuhusu uwanja wa Luano?

Desemba 2023, wakazi wa Lubumbashi walichagua madiwani wa komini. Je, madiwani hao wana sauti kuhusu uwanja wa ndege wa Luano?

Nani anausimamia?
Luano uko chini ya RVA, shirika la serikali kuu. Komini haiamuru ujenzi wake.

Pesa hutoka wapi?
Kuna Go-Pass, ada iliyoanza 2009 kwa ajili ya kuboresha viwanja: abiria alilipa dola 50 kwa safari ya nje, 10 kwa ya ndani.

Kwa nini watu wanataja mgodi wa Kinsevere?
Mgodi huo wa shaba wa kampuni ya MMG, kaskazini mwa mji, ni kipimo cha kulinganisha. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha waziwazi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% mamlaka za mahali, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Mwananchi anajua fungu la kudai. Kwa Go-Pass, hana hesabu rahisi kama hiyo.

Diwani afanye nini?
Sheria ya 2008 ya mamlaka za mahali inaruhusu baraza la komini kuihoji serikali ya komini: ardhi ipi inachukuliwa kwa ajili ya uwanja, nani atafidiwa? Kuuliza si ujinga.