Je, wanawake hawakuchora?

Na MWANDISHI WETU

MSICHANA mmoja wa kidato cha tatu aliingia sebuleni kwao, mtaani Loresho, Nairobi, akiwa amekumbatia kitabu kinene cha historia ya sanaa. Mwalimu alikuwa amemwagiza aandike habari za mchoraji mmoja mwanamke. Alipekua kurasa hadi chakula kikapoa mezani.

"Mama, humu ni wanaume watupu," akalalamika. "Kwani wanawake hawakuchora?"

Nilikuwa mgeni wao jioni hiyo. Kabla mama hajajibu, baba, ambaye kwa muda alikuwa akimshawishi bintiye aache somo la sanaa, alidakia: "Si nilikuambia? Kazi hiyo si ya wasichana."

Msomaji mpendwa, binti hakukosea, lakini baba alikosea. Kitabu mashuhuri cha E.H. Gombrich, The Story of Art, kilipotoka mwaka 1950 hakikuwa na msanii mwanamke hata mmoja. Kile cha H.W. Janson, History of Art, kilichotolewa 1962 na kutegemewa sana vyuoni Marekani, kilikuwa vivyo hivyo.

Mwaka 1971 msomi wa Marekani, Linda Nochlin, alieleza kiini cha jambo hili. Wanawake hawakunyimwa kipawa, walinyimwa nafasi. Kwa karne nyingi huko Ulaya hawakuruhusiwa hata kuingia darasa la kuchora mwili wa binadamu, ambalo ndilo lililokuwa msingi wa uchoraji.

Nilimtajia binti yule jina moja: Rosemary Karuga.

"Ni nani huyo, Anti?" akauliza.

Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928. Alisomea sanaa Makerere, Uganda, kuanzia 1950 hadi 1952, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule hiyo. Aliporudi nyumbani aliolewa, akalea watoto na kufundisha. Miaka ikapita bila jina lake kusikika.

Alipokaribia umri wa miaka 60 aliirudia sanaa. Rangi zilikuwa ghali, kwa hiyo alichukua pakiti za unga na karatasi za sabuni, akazikatakata na kuzibandika kwa gundi. Vipande hivyo viligeuka kuwa wanyama na watu wa kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika jumba la Studio Museum mtaani Harlem, New York, pamoja na za wasanii wengine wa Afrika. Alifariki mwaka 2021.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mama zetu walifinyanga vyungu vizazi na vizazi, lakini ni nani aliyeandika majina yao? Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, aliipeleka kazi hiyo ya mikono hadi Uingereza. Hufinyanga bila gurudumu, na vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani.

Siku hizi vitabu vinaanza kurekebisha kosa hilo. Mwaka 2022 Katy Hessel wa Uingereza alitoa The Story of Art Without Men, historia ya sanaa isiyo na mwanamume hata mmoja. Lakini wasanii wetu hatuwezi kungoja waandikwe London. Mwanafunzi anaweza kuanza na nyanya yake anayesuka vyondo: amuulize alifunzwa na nani, kisha aandike jina hilo.

Baba yule alisikiliza kimya. "Lakini huyo Karuga alikula nini?" hatimaye akauliza. Swali lake lilikuwa la haki. Nilimjibu kwamba alikuwa mwalimu, na kwamba mshahara haukuua kipawa chake.

Wiki iliyofuata nilipita tena Loresho. Mama alikuwa jikoni akisonga ugali, na pakiti tupu ya unga ilikuwa kando ya jiko. Nilipoinyanyua niitupe, baba aliniita kutoka sebuleni.

"Iache hiyo," akasema. "Ina mwenyewe."