Namna ya kuchagua pikapu za gitaa la umeme kwa sauti nyororo ya jazi

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, mpigaji wa gitaa la umeme anayeazimia kucheza muziki wa jazi hana budi kulichunguza jembe lake kwa makini. Mlio mnene, mwororo na usiokwaruza masikio ambao huutambulisha muziki huo haupatikani kwa kila chombo, na kiungo kimoja kidogo chenye ushawishi mkubwa katika mlio huo ni pikapu.

Pikapu inayozungumziwa hapa si gari la kubebea mizigo. Ni kifaa cha sumaku kinachofungwa chini ya nyuzi za gitaa ili kuugeuza mtetemo wake kuwa umeme. Vijana wengi hutumia akiba yao yote kuagiza pikapu za bei ghali kutoka ng'ambo, kisha hugundua kwamba walichonunua kiliundwa kwa ajili ya muziki wa roki. Ili kuepuka hasara ya aina hiyo, ni muhimu kwanza kuelewa jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi.

Umeme kutoka kwa uzi

Pikapu ya kawaida ina sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Waya huo, ambao unene wake aghalabu ni karibu milimita 0.06, ndio huitwa koili. Uzi wa chuma unapotetema juu ya sumaku, huvuruga nguvu za sumaku hiyo, na mvurugo huo huzalisha umeme mdogo ndani ya koili. Umeme huo husafiri kwa waya hadi kwenye amplifaya, ambayo huukuza na kuurejesha kuwa sauti. Kanuni hiyo ilidhihirishwa na mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday mwaka wa 1831, karne nzima kabla ya gitaa la umeme kuvumbuliwa.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona kwamba pikapu ya sumaku haisikii kuni wala hewa, bali husikia chuma. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazitoi sauti yoyote kupitia kifaa hicho.

Idadi ya mizunguko ya waya nayo ina athari zake. Kadiri waya unavyozungushwa mara nyingi zaidi, ndivyo pikapu inavyotoa umeme mwingi na ndivyo sauti za juu zinavyofifia. Wengi hudhani basi kwamba pikapu yenye nguvu nyingi kuliko zote ndiyo itakayowapa sauti nene ya jazi. Hapo ndipo wanapopotoka. Pikapu iliyopitiliza kwa mizunguko hufanya noti za kodi moja zivurugane na kuwa kama uji. Mpigaji wa jazi hucheza kodi zenye noti nne au tano, na kila noti inastahili kusikika peke yake. Anachohitaji ni unene ulio na uwazi ndani yake.

Nafasi ya pikapu

Kabla ya kuuliza ni pikapu ya aina gani, uliza imefungwa wapi. Magitaa mengi ya umeme huwa na pikapu mbili au tatu. Iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, hutoa mlio mkali na mwembamba kwa sababu uzi hausogei sana mahali hapo, na sauti ndogondogo za juu zinazoambatana na noti kuu ndizo hutawala. Iliyo karibu na shingo hukumbana na uzi unaotetema kwa upana, hivyo noti kuu husikika kwa ukamilifu wake. Wapigaji wengi wa jazi hutumia pikapu ya shingoni karibu wakati wote, na baadhi ya magitaa yao hayana nyingine.

Kwa mantiki iyo hiyo, gitaa lenye freti 24 huisukuma pikapu ya shingoni kuelekea darajani, na mlio wake hupungua unene kidogo ukilinganishwa na gitaa lenye freti 20 au 22. Anayetafuta gitaa la jazi akumbuke jambo hilo dukani.

Aina tatu za kuzingatia

Aina ya kwanza ni pikapu ya koili moja. Hii ndiyo kongwe zaidi. Mnamo 1936, kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa lake la ES-150, ambalo pikapu yake ilikuwa na ubao mwembamba wa chuma katikati ya koili na sumaku kubwa zilizofichwa ndani ya tumbo la gitaa. Charlie Christian, aliyejiunga na kundi la Benny Goodman mwaka wa 1939, alilitumia kuifanya sauti ya gitaa isimame bega kwa bega na tarumbeta na saksafoni. Ingawa alifariki mwaka wa 1942 akiwa na umri wa miaka 25 tu, mlio wake ungali kigezo hadi leo.

Kasoro ya koili moja ni kwamba hunasa pia mngurumo wa nyaya za umeme zilizo karibu. Hapa Kenya, ambapo umeme wa majumbani hubadilika mara 50 kwa sekunde, mngurumo huo husikika kama nyuki mzito anayevuma chini ya muziki. Katika ukumbi wenye taa nyingi na nyaya zilizochakaa, unaweza kumkera msikilizaji kila wimbo unapotulia.

Aina ya pili ni P-90, ambayo Gibson ilianza kuitumia mwaka wa 1946. Hii pia ni ya koili moja, lakini koili yake ni pana na yenye mizunguko mingi. Mlio wake ni mnene kuliko wa koili moja za kawaida, ila unabakia na ung'avu fulani unaoufanya mguso wa kidole usikike. Jim Hall, mmoja wa magwiji wa jazi, alirekodi kazi zake nyingi za awali kwa gitaa la ES-175 lenye pikapu hiyo. Ukiwa mpenzi wa noti chache zilizopimwa vyema, P-90 inafaa kufikiriwa, mradi uvumilie mngurumo.

Aina ya tatu ni pikapu ya koili mbili, ambayo wanamuziki huiita hambaka. Mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliiwasilisha kwa ajili ya hataza mwaka wa 1955, magitaa yenye pikapu hiyo yakaanza kuuzwa mwaka wa 1957, na hataza ikatolewa mwaka wa 1959. Siri yake ni kwamba koili mbili huunganishwa kinyume, na sumaku zake nazo hupangwa kinyume. Mngurumo unaoingia katika koili ya kwanza hufutwa na ule wa koili ya pili, lakini sauti ya uzi hujumlishwa. Isitoshe, kwa kuwa pikapu hii husikiliza uzi katika sehemu mbili kwa wakati mmoja, baadhi ya sauti za juu hupotea, na kinachosalia ni ule mlio wa duara ambao wengi huuhusisha na jazi. Wes Montgomery na Joe Pass walivuma kwa magitaa yenye pikapu za aina hii.

Ipo pia pikapu inayoelea, ambayo hufungwa kwenye ncha ya shingo au kwenye kibao cha pembeni bila kuugusa uso wa gitaa. Hii huwafaa wenye magitaa ya tumbo la uwazi wasiotaka kuyatoboa, kwa kuwa ubao huachwa huru kutetema.

Sumaku na vipimo

Sumaku nyingi za pikapu hutengenezwa kwa alniko, yaani mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli, kobalti na chuma. Alniko ya namba 2 ina nguvu ndogo na husifiwa kwa mguso laini. Alniko ya namba 5 ina nguvu zaidi, na besi yake hukaza huku sauti za juu zikiwa wazi. Sumaku za kauri mara nyingi huwekwa kwenye pikapu zilizokusudiwa muziki wenye kelele. Kwa jazi, alniko ya namba 2 au 5 ni chaguo salama.

Watengenezaji wengi huandika pia kiasi cha ukinzani wa koili. Hambaka za mtindo wa miaka ya 1950 huwa na ukinzani wa karibu omu 7,000 hadi 8,500, na kiwango hicho huifaa jazi vyema. Ukiona pikapu inatangazwa kuwa na omu 15,000, jua kwamba huenda haikuundwa kwa ajili yako. Hata hivyo, namba hiyo isitumiwe kulinganisha pikapu zenye waya wa unene tofauti, kwani waya mwembamba huwa na ukinzani zaidi hata ikiwa mizunguko ni sawa.

Usisahau vidhibiti vya sauti vilivyo ndani ya gitaa. Kwa kawaida hambaka huunganishwa na vidhibiti vya omu 500,000, na koili moja huunganishwa na vya omu 250,000. Kidhibiti chenye namba ndogo huzipunguza sauti za juu, hivyo kukibadilisha ni njia rahisi ya kulainisha mlio mkali.

Kabla ya kufungua mkoba

Yapo mambo manne ya kujaribu kabla ya kununua chochote, na matatu kati yake hayana gharama. Kwanza, chagua pikapu ya shingoni, kisha upunguze kitufe cha toni hadi nusu na sauti za juu kwenye amplifaya. Pili, tumia bisibisi kuishusha pikapu kidogo kutoka kwa nyuzi. Ikiwa karibu mno, mlio huwa mkali, na sumaku yenye nguvu huweza kuvuta nyuzi na kuzifanya zipotoke sauti. Tatu, jaribu kupiga kwa nyama ya kidole gumba badala ya kijiplastiki. Nne, nunua nyuzi nene zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa duara. Nyuzi hizo hazina mkwaruzo wa vidole, na mara nyingi huleta badiliko kubwa kuliko pikapu mpya.

Ikiwa baada ya hayo bado hujaridhika, pima shimo la pikapu kabla ya kuagiza. Hambaka haiingii katika nafasi ya koili moja ya kawaida pasipo kuchonga ubao, ingawa zipo P-90 zilizoundwa kwa kipimo cha hambaka. Mwulize pia fundi wako ikiwa pikapu mpya itaafikiana na ile ya zamani. Zikiunganishwa kinyume, mlio wa zote mbili kwa pamoja huwa mwembamba kama wa redio mbovu, na dawa yake ni kubadilisha nyaya mbili tu za lehemu.

Unapojaribu gitaa dukani, zima vikorombwezo vyote vya amplifaya. Piga kodi ya noti nne polepole na usikilize ikiwa kila noti inajitokeza. Kisha panda juu kabisa kwenye uzi wa kwanza. Noti ikichoma sikio, endelea kutafuta.

Tahadhari nyingine inahusu neno lenyewe. Katika eneo letu, bendi nyingi zilijiita Jazz, kuanzia OK Jazz iliyoanzishwa nchini Kongo mwaka wa 1956 hadi Shirati Jazz ya marehemu D.O. Misiani. Lakini rumba na benga zilizopigwa na bendi hizo hutaka gitaa linalometameta na kupenya katikati ya ngoma. Mshauri aliyebobea katika benga anaweza kukuelekeza kwa moyo safi kwenye pikapu iliyo kinyume kabisa na unachokitafuta. Mwambie ni mwanamuziki yupi ungependa kusikika kama yeye, na ikiwezekana umchezee rekodi yake.

Ed Bickert wa Canada aliifunga hambaka moja shingoni mwa Telecaster, gitaa la ubao mzima ambalo wengi walilihusisha na muziki wa kantri, na akatoa mlio wa jazi uliowashangaza wenye magitaa ya thamani kubwa. Naye Montgomery alipiga kwa kidole gumba. Asiye na uwezo wa kununua gitaa jipya anaweza kuanzia hapo: pikapu moja iliyochaguliwa kwa busara, ikafungwa mahali panapostahili, na mkono usio na pupa.