Akili, Nafsi na Mtima: Istilahi za Kuanzia Falsafa ya Nafsi

Miongoni mwa matawi ya falsafa, ni machache yaliyo magumu kufundishwa kwa Kiswahili kama lile linalouliza: ni nini ndani ya binadamu kinachofikiri, kinachohisi na kinachotaka, nacho kina uhusiano gani na mwili? Ugumu wenyewe hautokani na upungufu wa maneno. Tunayo akili, nafsi, roho, moyo, fahamu na dhamiri. Ugumu ni kwamba baadhi ya maneno hayo huja na jibu lake kabla mwanafunzi hajauliza swali. Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kisha tutoe pendekezo.

Tuanze na swali lenyewe. Mwaka 1641 Mfaransa René Descartes alitoa kitabu ambamo alishikilia kwamba mwili ni kitu kinachochukua nafasi, bali kile kinachofikiri hakichukui nafasi yoyote. Kwa hiyo ni vitu viwili mbalimbali. Mwaka 1643 Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia barua akimwuliza: kitu kisicho na umbo kinawezaje kuusukuma mwili? Swali hilo halijapata jibu lililokubaliwa na wote. Wako wasemao kwamba hapana ila ubongo na kazi zake. Mwingereza Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alisema kosa ni kudhani kwamba akili ni kitu kilichojificha ndani ya mwili, ilhali tunapoitaja tunataja namna mtu atendavyo na aelekeavyo kutenda. Naye Mghana Kwasi Wiredu, alipoandika mwaka 1983 juu ya fikra za Waakan, alieleza kwamba neno lao adwene hutaja uwezo wa kufikiri, wala si sehemu mojawapo ya mtu. Hivyo neno la lugha laweza kumwelekeza msemaji upande mmoja wa mjadala pasipo yeye kujua.

Sasa twende Ngara na Biharamulo. Huko husemwa Kihangaza, Kisubi na Kizinza. Wanaisimu huziweka mbili za kwanza katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha, na Kizinza hukiweka karibu na Kihaya. Katika Kirundi na Kinyarwanda, ubwenge ni akili kwa maana ya werevu na uelewa. Umutima, kwa upande wake, ni moyo udundao kifuani, na tena ni mahali pa hisia, nia na dhamiri. Shina hilo si geni kwetu, kwani washairi wa Kiswahili hutumia neno mtima.

Wafasiri wa dini waliligusa tatizo hili mapema. Wakatoliki wa Burundi humwita Roho Mtakatifu Mutima Mweranda. Yaani walilipanua neno la nyumbani. Waprotestanti wa huko husema Mpwemu Yera, wakikopa neno la Kiyunani pneuma. Wakatoliki wa Rwanda husema Roho Mutagatifu, wakitumia roho, neno ambalo Kiswahili nacho kililipata katika Kiarabu. Njia ya kwanza hueleweka upesi, lakini moyo wa nyama na Roho vikawa na jina moja. Njia mbili za baadaye hutenganisha mambo, lakini msikilizaji hana budi kufundishwa neno jipya.

Mwalimu wa falsafa yumo katika njia panda hiyohiyo. Akisema “falsafa ya akili”, mwanafunzi aliyezoea kutenga ubwenge na umutima atadhani somo lahusu werevu tu. Maumivu ya jino, huzuni na majuto vitaachwa nje. Akisema “falsafa ya roho”, atafikiriwa kwamba amekwisha kukubali kuwa kipo kitu kinachobaki baada ya kifo, na hilo ndilo linalobishaniwa.

Wala jambo hili haliishii darasani. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Tuchukue mtu wa hali hiyo amwambiaye mganga kwamba umutima wake umeumia. Mfasiri akisema “anaumwa moyo”, mganga atapima mapigo ya kifua. Akisema “ana ugonjwa wa akili”, mgonjwa atahesabiwa mwendawazimu. Tafsiri zote mbili zamdhulumu. Mahakamani nako, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 13, huuliza, pamoja na mengine, kama ugonjwa ulioathiri akili ulimfanya mshtakiwa asiweze kuelewa alilokuwa akitenda. Kujua utendalo, kuhisi na kuweza kujizuia ni mambo matatu. Mkalimani akiyatia yote katika neno moja, hukumu yaweza kupotoka.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Nafsi itumike kwa jumla ya yale yanayofikiri, kuhisi na kutaka, na somo liitwe falsafa ya nafsi. Akili iwe uwezo wa kujua na kufikiri. Fahamu iwe hali ya kutambua, ile impoteayo mtu aliyezimia. Utashi uwe uwezo wa kutaka na kuamua. Ubongo ubaki kiungo kilichomo kichwani. Roho liachiwe mijadala ya dini.

Huenda ikasemwa kwamba nafsi nalo ni neno la dini. Ni kweli kwamba limo humo. Lakini tunasema pia “mimi nafsi yangu”, na katika sarufi tuna nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, bila kudai lolote juu ya kuishi baada ya kifo. Wanasaikolojia nao wamekwisha kuitwa watu wa elimunafsi. Neno hilo, basi, huliacha swali wazi.

Twawasihi walimu waanze somo kwa kuwauliza wanafunzi maneno ya kwao, na wafasiri wasikimbilie kamusi kabla ya kumwuliza msemaji ni kitu gani hasa kimeumia.