Je, Wajua? Kibao cha mdomo wa msumeno
Kwa seremala wa Kiuyu, kaskazini mashariki mwa Pemba, kipande kizuri cha mti mtupu si lazima kifae kuziba mdomo wa msumeno wa meza, yaani tundu ambamo msumeno huchomoza. Mti hunywa unyevu wa hewa ya bahari; masika ikishika, kibao huvimba kwa upana, kikainuka ukingoni, na ubao unaousukuma ukagota hapo hapo. Plaiwudi ni tulivu zaidi: nyuzi za tabaka moja hukata za jingine, hili likilizuia lile. Hata kibao kinene cha plastiki cha kukatia nyama hufaa, maana hakinywi maji. Chuma usithubutu, maana mwanya wa kupitia msumeno huchongwa na msumeno wenyewe, ukipandishwa polepole huku kibao kimebanwa kwa gogo, si kwa mkono. Mwanya ukibana hivyo, vibanzi havichomozi chini ya ubao.